Mdogo wangu hana mapigo mkono wa kushoto, daktari kaandika "Takayasu". Naomba mwenye kuujua ugonjwa huu

DadaMkubwa_Kihonda aliandika:

Habari zenu ndugu. Naandika nikiwa Morogoro, Kihonda. Naomba mnivumilie kwa urefu, maana jambo hili nimelibeba peke yangu tangu Jumatatu.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 24. Ni msusi, na ana mkono mwepesi hadi watu wanapanda daladala kutoka Msamvu kuja kusukwa naye. Mwaka jana mwezi wa tatu alianza kupata homa za jioni. Hazikuwa kali, ila zinaingia saa kumi na mbili na kuondoka alfajiri, na akiamka shuka limelowa kama limetolewa kwenye beseni. Akawa anakonda. Kutoka kilo 61 akafika 52, sketi zake zote tukazipunguza. Malaria tulipima mara tatu, hakuna. Akapewa dawa za taifodi, akamaliza, homa ikabaki. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kitu, lakini kwa lile jasho na kule kukonda wakaona waanze dawa za kifua kikuu. Miezi sita. Hakuruka hata siku moja, mimi ndiye niliyekuwa nasimama naye akimeza. Katikati ya dawa homa zikaisha, tukashukuru, tukasema ndiyo hiyo ilikuwa TB.

Baadaye ukaanza mkono. Anaposuka, wa kushoto ndio unaoshika nywele na wa kulia unasokota. Akifika mstari wa pili wa twende kilioni mkono wa kushoto unachoka, unauma hadi begani, vidole vinakuwa vya baridi, inabidi aushushe uning'inie. Baada ya dakika mbili unarudi sawa. Akiuinua tena, vilevile. Wateja wakaanza kunung'unika. Ikaongezeka kizunguzungu akitazama juu, siku moja alikuwa anaanika nguo akashikilia kamba ndiyo ikamsaidia asianguke. Na kichwa kinamgonga kisogoni, hasa asubuhi.

Tulikwenda kupima presha. Nesi akafunga kitambaa mkono wa kushoto mara nne, mashine ikaandika E. Akabadilisha betri. Akaleta ile ya kupampu, akasikiliza, akasema hasikii kitu. Akahamia mkono wa kulia akapata 92 kwa 60. Tukaambiwa mashine zina shida, na kwamba mtoto ana presha ya kushuka, ale chumvi zaidi na anywe soda. Kwa miezi mitano nimekuwa nikimtilia chumvi kwenye uji kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu tulipelekwa kwa daktari mwingine. Huyu alimshika mikono yote miwili kwa wakati mmoja, pale chini ya kidole gumba, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kipimo cha kusikilizia shingoni na juu ya mtulinga, akaniita na mimi nisikilize. Nilisikia "vuuu, vuuu", kama upepo unapita kwenye tundu la mlango. Akaandika "Takayasu", akaandika vipimo vya damu vya ESR na CRP, vya kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini, kipimo cha CT cha kupiga picha mishipa, na dawa inaitwa prednisoloni. Foleni ilikuwa ndefu, sikuweza kuuliza kila kitu.

Vipimo vya CT ni wiki ijayo. Dawa hajaanza. Mama anasema mtoto amefungwa mkono na msusi mwenzake waliyegombana naye, anataka kwanza aende kuombewa na kwa mtaalamu wa kule kijijini. Jirani anasema prednisoloni ndizo zile dawa za kunenepesha zinazouzwa kwa magendo, zitamharibu. Na mdogo wangu mwenyewe usiku ananiuliza kitu kimoja tu: dada, mkono watanikata?

Ugonjwa huu ni kitu gani? Unaambukiza? Kuna mtu yeyote hapa anayeishi nao?

Mkulima_Tiba aliandika:

Pole sana dada. Hiyo ni mishipa imeziba kwa mafuta. Mama yangu mkubwa aliambiwa mishipa imeziba, akatumia kitunguu saumu punje saba na ndimu kila asubuhi, leo anapanda mlima. Mwanzishie hivyo kabla ya hizo dawa za hospitali, hazina madhara.

Mwalimu_Ngamiani aliandika:

Mdogo wangu wa Kihonda, nimeisoma habari yako mara mbili, na pale kwenye mashine iliyoandika E nimelia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nina miaka 38 na ninaishi na Takayasu, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mkono wangu wa kushoto hauna mapigo, na mimi naandikia mkono wa kushoto. Wangu ulijitokeza ubaoni: nilikuwa siwezi kumaliza zoezi la hesabu la maswali kumi. Nikifika la sita chaki inaanguka yenyewe, nageuka najifanya nawauliza watoto swali ili mkono upumzike.

Kabla ya yote, chumvi kwenye uji iache leo hii. Na usijilaumu, ulimpenda ukafanya ulichoambiwa. Nitakueleza kwa nini.

Fikiria bomba kubwa la maji linalopita mtaani na kibomba chembamba kinachoingia uani kwenu. Kile kibomba kikibanwa, pale uani maji yatachuruzika kidogo tu. Ukipima pale utasema mtaa mzima hauna maji, kumbe bomba kubwa limejaa hadi linatetemeka. Kwa Takayasu, mkono ni kile kibomba. Mshipa wa kwenda mkononi umebanwa, kwa hiyo presha ya mkononi inasoma ndogo au haisomi kabisa, na huku presha yenyewe, ile inayoupiga moyo na ubongo, inaweza kuwa juu sana. Mimi nilipimwa miaka miwili mkononi nikiambiwa nina 100, wakati mwingine 95. Siku daktari alipofunga kitambaa kwenye paja langu akapata 190 kwa 110. Vichwa vyote vile, macho kuona giza, moyo kugonga usiku, vilikuwa ni presha ya kupanda iliyojificha. Kwa mtu mzima wa afya mguu husoma juu kidogo tu kuliko mkono, labda kwa kumi au ishirini. Wangu ulizidi kwa tisini. Kwa hiyo mkirudi, ombeni kwa heshima lakini msiondoke bila jibu: "Tunaomba apimwe presha mguuni."

Na ile E. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli kwamba pale hakuna mapigo ya kuhesabu.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye ateri, ile mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuisambaza. Unaishika mikubwa: aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, na matawi yake ya mwanzo, ya kwenda mikononi, shingoni kuelekea kichwani, na tumboni kuelekea kwenye figo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaingia kwenye ukuta wa mshipa na kuushambulia kama adui. Ukuta unavimba, unakuwa mnene, baadaye unaacha kovu gumu, na tundu la katikati linazidi kuwa dogo. Pengine badala ya kubana, ukuta unalegea na kutanuka. Kipindi cha mwanzo, ukuta unapovimba, mwili mzima unaugua: homa, jasho la usiku, kukonda, viungo kuuma. Ndiyo maana wengi wetu huku tunaanza kwa kutibiwa TB. Halafu homa inaweza kutulia yenyewe, mtu akadhani amepona, na baada ya miezi au miaka linakuja hili la mkono. Nilivyosoma habari za mdogo wako, niliona ya kwangu yote.

Ndugu Mkulima, nakuheshimu, na kitunguu saumu napika nacho kila siku. Lakini mama yako mkubwa aliambiwa mafuta, na ya mtu mzima aliyezeeka mara nyingi ni mafuta. Hii si takataka iliyokaa ndani ya bomba ikasubiri kuzibuliwa. Ni bomba lenyewe limevimba na kuota kovu. Kila mwezi unaopita bila kuituliza kinga, kovu linaongezeka, na kovu halirudi nyuma. Nakuomba usimwambie binti wa miaka 24 asubiri. Mimi nilisubiri miezi minane kwa dawa za mizizi, na mshipa wa shingo upande wa kushoto ulifungwa katika miezi hiyo.

Kuhusu mama. Mama yangu naye alisema nimefungwa mkono. Sikubishana naye, nilimsimulia tu jina hili limetoka wapi. Takayasu ni jina la mtu, Mikito Takayasu, daktari wa macho wa mji wa Kanazawa kule Japani. Mwaka 1908 alieleza wenzake habari za mwanamke wa miaka 21 aliyekuwa anapoteza uwezo wa kuona, na ndani ya macho yake mishipa ilikuwa imeota na kuzunguka kama shada la maua. Madaktari wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema nao wamewaona wagonjwa wenye macho ya namna hiyo, na wagonjwa hao walikuwa hawana mapigo mkononi. Mishipa ya shingo ilibanwa, jicho likakosa damu, likajaribu kuota mishipa mingine. Mama alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo yule binti wa Kijapani naye alikuwa mwalimu?" Nikamwambia sijui alifanya kazi gani, ila alikuwa binti kama mimi. Tangu siku ile alinisindikiza kliniki mwenyewe, na maombi akaendelea nayo nyumbani. Vyote viwili vilikaa. Mwambie mama yenu ugonjwa huu kokote duniani unapenda wasichana na wanawake vijana, wengi huanza kabla ya miaka 40, na hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala pamoja.

Sasa swali la mdogo wako la usiku. Mwambie mkono kukatwa kwa Takayasu ni jambo la nadra sana. Mshipa wa mtu aliyepata ajali unakatika ghafla, mkono unakufa. Wa kwetu unabanwa polepole, miezi na miaka, na mwili unapata muda wa kufungua njia za panya: vimishipa vidogo vya pembeni vinatanuka na kupeleka damu kwa kuzunguka. Mkono unaishi. Unachoka ukifanyishwa kazi ukiwa juu, lakini unaishi. Mimi bado naandika ubaoni, ila naandika sehemu ya chini na ya katikati, ya juu anaandika kiranja. Kwa mdogo wako, kiti kirefu cha yeye kukalia na kigoda cha mteja, viwiko visipande juu ya mabega. Ataona tofauti.

Prednisoloni nitaizungumza kwa ukweli wote, maana imenipa maisha na imenitesa. Ni dawa ya jamii ya steroidi, inaituliza ile kinga iliyochanganyikiwa. Ndiyo hiyohiyo wanaoiuza kwa magendo kunenepesha watu, na jirani yenu ana haki ya kuiogopa ikiuzwa hivyo. Hapa inatolewa kwa kipimo na kwa ufuatiliaji. Mimi nilianza na miligramu 40 kwa siku. Wiki ya pili homa ya ndani niliyokuwa nimeizoea ikaondoka. Mwezi wa pili uso ukawa mviringo, watoto wa darasa la tatu wakaanza kuniita Mwalimu Mwezi. Iliniuma, nilikuwa nalia chooni wakati wa mapumziko. Njaa ilikuwa kali, usingizi haba. Kadiri walivyonipunguzia dozi uso ulirudi. Baada ya miezi michache wakaniongezea methotreksati, kidonge cha mara moja kwa wiki, ili prednisoloni ishuke zaidi. Sasa hivi nameza miligramu 5 tu.

Kabla hajaanza, waambie wazi kwamba ametoka kwenye dawa za TB, na waangalie tena kifua. Steroidi zinalaza kinga, na TB iliyojificha inaweza kuamka. Wapime sukari pia. Na mifupa inahitaji ulinzi, mimi nilipewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D, dagaa na maziwa nikaongeza mwenyewe.

Na asiache ghafla. Hili naliandika nikikumbuka sakafu ya jikoni la shangazi yangu Lushoto. Mwaka wangu wa pili nilikwenda msibani, dawa zikaisha siku ya kwanza, nikajisemea siku nne si kitu. Siku ya tatu nilianguka, natapika, presha chini, siwezi kusimama. Ukiimeza muda mrefu, tezi zako zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yako ya namna hiyo, kwa hiyo ukikata ghafla mwili unabaki mtupu. Tangu hapo vidonge vya wiki mbili vinakaa kwenye mkoba wangu ndani ya chupa ya plastiki, hata nikienda sokoni Mgandini.

Nina watoto wawili. Wa pili nilimpata nikiwa na ugonjwa huu, kwa kupanga. Methotreksati inadhuru mimba, kwa hiyo tuliiacha miezi kadhaa kabla na nikahamia azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Mimba nzima presha ilipimwa mguuni, na daktari aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yangu ya kliniki, "MKONO USIPIMWE". Binti ana miaka minne. Mwambie mdogo wako na hilo, hata kama hajauliza.

Tabibu_Lindi aliandika:

Mwalimu ameeleza vizuri kuliko sisi wengi tunavyoeleza. Mimi ni afisa tabibu, nimewahi kukutana na wagonjwa wawili wa ugonjwa huu katika miaka yangu ya kazi, na wa kwanza nilimkosa. Nilimpa dawa za baridi yabisi. Kwa hiyo naongeza machache.

Presha ipimwe mikono yote na miguu yote, siku ileile. Tofauti ya zaidi ya 10 kati ya mkono na mkono kwa kijana wa kike mwenye uchovu wa mkono na ile sauti ya upepo shingoni, hiyo ni sababu tosha ya kufikiria ugonjwa huu. Wachache, mshipa mkuu wenyewe unakuwa umebanwa kifuani au tumboni, na hapo hata mguu unasoma chini ya ukweli. Ndiyo maana kipimo cha CT ni lazima kionyeshe kuanzia shingoni hadi chini ya figo, si kifua peke yake. Angalia karatasi ya maombi imeandikwaje.

Figo ni jambo kubwa. Ateri ya figo ikibanwa, figo inadhani mwili mzima umepungukiwa damu, inaamrisha presha ipande, na chumvi inazidisha. Zipo dawa za presha kama kaptoprili, enalaprili na losatani ambazo kwa mtu mwenye ateri za figo zilizobanwa pande zote mbili zinaweza kuzima figo, kwa hiyo mtu asinunue dawa ya presha dukani kwa kuazima ya shangazi. Daktari akimpa, apimwe kretinini, kipimo cha damu cha kuangalia kazi ya figo, ndani ya wiki moja au mbili.

ESR na CRP zikija nzuri msifurahi mapema. Ugonjwa unaweza kuendelea ndani ya ukuta huku vipimo vya damu vikiwa kawaida, ndiyo maana picha za mishipa hurudiwa. Na upasuaji au kutanua mshipa kwa puto vipo, lakini matokeo ni mazuri zaidi ugonjwa ukiwa umetulizwa kwanza kwa dawa. Ukipanua mshipa ambao bado umevimba, mara nyingi unabana tena. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ndiko wagonjwa wa mishipa mikubwa hupelekwa wakihitaji kazi ya namna hiyo.

Wengi husema ni ugonjwa wa Waasia. Mwaka 2005 madaktari wa Cape Town walichapisha habari za wagonjwa wao 272. Upo Afrika, ila sisi tunashika mkono mmoja tu tunapopima mapigo, na mara nyingi hatuushiki kabisa, tunaangalia mashine.

Akipata maumivu makali ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, kupoteza kuona ghafla hata kwa dakika chache, au kuzimia, msisubiri tarehe ya kliniki. Usiku huohuo hospitali.

Mkulima_Tiba aliandika:

Nimeelewa, Mwalimu. Dada wa Kihonda, achana na nilichosema. Nilidhani ni yale ya mama yangu mkubwa.

DadaMkubwa_Kihonda aliandika:

Ndugu zangu, wiki tatu zimepita na sikutaka kuandika hadi niwe na jibu kamili.

Tulirudi siku ya pili tu baada ya kusoma maneno ya Mwalimu. Niliogopa kumwambia daktari la kufanya, nikasema, "Daktari, nimeambiwa na mgonjwa mwenzake kwamba mguu unasema kweli." Hakukasirika. Alitafuta kitambaa kikubwa, kikakosekana chumbani, nesi akakifuata wodi ya wanaume. Mguu wa kulia 178 kwa 104. Wa kushoto 176. Mkono wa kulia siku ileile 94. Mdogo wangu alinitazama, mimi nikatazama sakafu, nikaona ule uji.

ESR ilikuja 84, iko juu. Picha ya CT ilichukua shingo hadi chini ya kitovu, niliangalia karatasi kama Tabibu alivyosema, na ilikuwa imeandikwa kifua tu, wakaibadilisha. Mshipa wa kwenda mkono wa kushoto umefungwa kabisa, wa kulia umebanwa. Shingo kushoto imebanwa kidogo. Ateri ya figo ya kulia imebanwa na figo hiyo ni ndogo kuliko mwenzake, ya kushoto ni nzima. Mtaalamu wa picha alionyesha zile njia za panya, nyembamba kama nyuzi, zimezunguka bega. Mdogo wangu alisogeza kiti akazihesabu kwenye kioo. Alifika kumi na moja. Alipotoka nje alisema, "Dada, kumbe mkono wangu umekuwa unajitafutia."

Kifua kimerudiwa, hakuna TB. Ameanza prednisoloni miligramu 50, ni vidonge kumi vya miligramu 5, vikiwa kiganjani vinaonekana vingi. Yuko na amlodipini ya presha na aspirini ndogo. Siku ya kumi na mbili leo. Kichwa cha asubuhi kimepungua. Jana aliomba ugali wa pili.

Mama nilimsimulia habari za yule binti wa Japani. Hakusema kitu. Ila Jumapili nilimkuta anamwambia yule msusi mwenzake waliyegombana, "Njoo umsalimie mwenzio, anaumwa mishipa." Walikaa pamoja hadi magharibi, yule mwenzake akamsuka yeye.

Kadi yake imeandikwa "PIMA MGUU". Nimeandika mwenyewe, na daktari akaweka sahihi juu yake.

Swali moja tu dada Mwalimu. Vidonge kumi avimeze vyote mara moja au agawe asubuhi na jioni? Karatasi imeandikwa mara moja kwa siku lakini tumbo linamchoma na usiku halali.

Mwalimu_Ngamiani aliandika:

Kama karatasi imesema mara moja, basi vyote asubuhi, saa moja au mbili, tumboni kukiwa na chakula. Mwili wenyewe hutengeneza homoni yake ya namna hiyo kwa wingi asubuhi, na akimeza jioni ndipo usingizi unakimbia. Asimeze kamwe kabla ya kula. Kiungulia kikiendelea siku mbili tatu arudi aombe dawa ya kulinda tumbo, hasa kwa kuwa yuko na aspirini pia, na akiona choo cheusi asingoje hata siku moja.

Mnunulie daftari dogo. Kila asubuhi aandike tarehe, idadi ya vidonge, presha ya mguu siku mnazopima, na uzito kila Ijumaa. Mimi niko kwenye daftari la tisa.

Na mwambie kesho saa moja na nusu, baada ya uji usio na chumvi, na mimi nitakuwa nameza changu.